Pampu Iliyokaa Kimya

Kazini walimwita Mizani, na jina lilimkaa hasa. Alikuwa akipima unga wa dawa kidogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya umekwisha, na wala hakunji uso. Ukikosea nukta moja kwenye hesabu zako, atakurudishia karatasi yako kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota soksi chafu. Wenzake walitaniana kwamba hata wanawe wawili walizaliwa saa alizozipanga yeye. Naye alikuwa anacheka, lakini usidanganyike, sifa ile alikuwa anaipenda.

Basi huyohuyo Mizani ndiye aliyekuwa amesimama kwenye chumba cha kuoshea vifaa, asubuhi kweupe, siku ya Jumatano, pampu mkononi, jasho jembamba likimtoka.

Pampu yenyewe ni kidude cha kufungwa kiunoni, kama kiberiti kilichonenepa. Ndani hukaa kichupa cha homoni, na mrija mwembamba unaipeleka chini ya ngozi. Homoni ile ni peptidi, kamnyororo kafupi tu ka asidi amino, ambayo ubongo wa mtu mzima mwenye afya huituma kwenye tezi iliyo chini yake. Kwenye tezi kuna vipokezi, na vipokezi, kama Daktari mkuu wa utafiti alivyopenda kuwaeleza wagonjwa, ni milango. Homoni ikifika ikabisha hodi, ikanyamaza, kisha ikarudi kubisha baada ya saa moja na nusu, mlango unafunguliwa. Tezi inaamka, ovari zinapata habari, yai linakomaa. Lakini homoni hiyohiyo, kwa kiasi kilekile cha siku, ikija mfululizo bila kupumzika, wenye nyumba wanachoka. Wanafunga milango, mingine wanaing'oa na kuificha ndani kabisa, na ovari zinalala fofofo.

Kituo alichofanyia kazi Mizani kilikuwa kinatafiti yote mawili. Kulikuwa na kundi la wanawake waliotaka kuamshwa, wale ambao ubongo wao ulikuwa umesahau kubisha. Na kulikuwa na kundi la waliotaka kulazwa, wale wanaoteswa na maumivu ya tumbo la uzazi mpaka wanatambaa, ambao ovari zikilala nao wanapumua. Dawa ni moja na pampu ni zilezile. Kilichowatenga ni neno kwenye kioo: vipindi, au mfululizo.

Pampu aliyoishika Mizani ilikuwa imetoka kiunoni mwa mdogo wake, Kitinda, mtoto wa mwisho kwa mama yao, aliyekuwa anatafuta mtoto tangu aolewe. Kitinda alikuwa kwenye kundi la kuamshwa. Na kioo kilikuwa kimeandika mfululizo.

Loh! Akakifuta kwa kidole gumba, akidhani ni uchafu.

Sasa, kituo hakikuwa cha wajinga. Walikuwa na utaratibu wao, kwamba pampu haifungwi kiunoni mwa mtu mpaka watu wawili wameisoma kwa sauti. Mmoja anasoma kilicho kwenye kioo, wa pili anatazama kwa macho yake mwenyewe na kuitikia. "Vipindi." "Vipindi, nimeona." Wageni walikuwa wakicheka, wakisema nyie mnaimba kwaya. Na kwa ajili ya Mizani, Daktari aliongeza sharti lake. "Mdogo wako nimempokea kwa sababu anafaa, si kwa sababu ni mdogo wako," alimwambia. "Lakini wewe usimguse. Ukimhudumia wa kwenu hutamwangalia unavyowaangalia wengine."

Akamgusa. Sista, yule muuguzi wa utafiti, alikuwa ameandaa kila kitu, mara mgonjwa akaanguka kule kwenye viti vya kusubiria. Sista akatoka mbio. "Nisubirini, nakuja sasa hivi!" Huko chini shemeji, mume wa Kitinda, fundi wa mafriji, alikuwa anapiga honi kwa sababu kuna bucha inamngoja na nyama inaharibika. Na Kitinda naye, mtu wa vituko tangu utotoni, alikuwa anamwigiza mama mkwe wake anavyomtazama tumbo, kama anayechagua tikiti maji sokoni, anabonyeza huku, anagonga kule, anasikiliza. Mizani alicheka mpaka machozi. Na machozi hayohayo machoni, akavuta pampu kwenye rafu, akatia kichupa, akabonyeza kuwasha, akamfunga mdogo wake kiunoni. Hakusoma kioo, ambacho bado kilikuwa na neno la mgonjwa aliyetangulia. Angeitikiwa na nani?

Sista aliporudi akauliza, "Mmeshamaliza?"

"Tumemaliza."

Sista hakuchimba. Nani amhakiki Mizani?

Baada ya hapo ukawa ni upendo juu ya upendo. Kila wiki Mizani alikuwa anakwenda na kichupa kipya mpaka sebuleni kwa Kitinda, ili mdogo wake asikae foleni. Kubadilisha kichupa hakumlazimu mtu awashe kioo. Siku moja Kitinda akaipapasa pampu akasema, "Dada, hii mashine yenu ina adabu kuliko mama mkwe. Haina kelele kabisa, hata siisikii." Wakacheka. Jamani, mtu anayejua kwamba pampu ya vipindi hutoa mlio kila inapobisha, na ya mfululizo ndiyo husukuma kimyakimya, aliambiwa kwa mdomo kwamba pampu hailii, akacheka.

Damu ilipopimwa mara ya mwisho, homoni za uzazi za Kitinda zilikuwa zimeshuka chini kuliko siku aliyoanza. Daktari akauliza mbele ya wote, "Pampu iliwekwa sawasawa?" Sista akamtazama Mizani. Mizani akajibu, "Sawasawa kabisa," na wakati ule aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Daktari akahuzunika, akasema basi, vipokezi vya huyu mama haviitikii, tusimtese, nafasi apewe mwingine. Akaitwa mwalimu wa chekechea aliyekuwa anasubiri.

Kitinda alipoambiwa hakulia. Alimshika dada yake mkono. "Usijilaumu, dada. Umenihangaikia vya kutosha. Ni huu mwili wangu tu, umekataa."

Hayo ndiyo maneno yaliyomrudia Mizani pale kwenye chumba cha kuoshea vifaa. Halafu, bila kutumwa na mtu, kidole chake kikabonyeza. Mfululizo ikafutika, vipindi ikaja. Akaikausha pampu, akaiweka kabatini pamoja na nyingine, akanawa mikono mpaka viwiko.

Akaanza kujibembeleza. Hakuna aliyekufa. Pampu ikishatolewa, milango ile hurudi kufunguka yenyewe baada ya wiki kadhaa, hilo linajulikana. Akisema leo, kazi hana, na Sista ataingia matatani kwa ajili yake. Bora atafute njia ya taratibu, ya kumrudisha Kitinda kwenye utafiti bila kumwaga mtama wote. Njia gani? Hakuijua. Kesho yake Daktari alimpita kwenye korido, akamgonga bega kidogo, akamwambia, "Pole sana kwa mdogo wako." Akajibu asante. Alisema asante, hebu fikiria, kisha akaenda kujifungia chooni akauma kitambaa cha koti lake.

Ijumaa Kitinda akapiga simu. "Kesho nina kikao kidogo hapa nyumbani. Mama mkwe anakuja. Uje mapema unisaidie chai."

"Kikao cha nini?"

"Njoo tu."

Wazazi wao walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo upande wa mke ulikuwa ni Mizani peke yake. Mama mkwe aliketi kwenye kochi kubwa na mkoba wake mapajani. Shemeji alikaa pembeni, mikono yake yenye makovu ya bomba za shaba ameibana katikati ya magoti. Mizani alikuwa amesimama na birika. Kitinda akaja akakaa kwenye kiti cha mbao, mgongo wima, na siku hiyo hakuwa na kituko hata kimoja.

"Mama," akamwambia mama mkwe wake, "mmenivumilia miaka yote hii, na mimi sitaki tena kuwazungusha. Nimejaribu kila nilichoambiwa. Kule kazini kwa dada nimepewa dawa ambayo baada yake hakuna nyingine, na mwili wangu umeikataa. Tatizo ni mimi, si mwanao. Sitaki azeeke akinionea huruma. Akitafuta wa kumzalia, mimi sitanuna na sitamzuia." Akajikaza kisabuni. "Dada yangu huyu hapa ndiye shahidi. Yeye ndiye anajua mambo ya vipimo. Si ndiyo, dada?"

Wote wakamgeukia.

Mizani alilisikia jibu likija. Lilifika mpaka kwenye meno. Aliona uso wa mdogo wake, umetulia, unamwamini kama siku zile alipokuwa anafungwa kamba za viatu. Akaona na kazi yake, na Daktari, na jina lake.

"Mama," akasema, akimwinamia mama mkwe, "nikuongezee chai?"

Akamwongezea. Ikamwagika kwenye kisosi, akaomba radhi, akapangusa. Kimya chake kikahesabiwa kuwa ndiyo. Mama mkwe, ambaye kusema kweli hakuwa na roho mbaya, alianza kutokwa na machozi. "Ahsante, mwanangu, kwa kuniambia ukweli," akamwambia Kitinda. "Wengine wangenificha." Shemeji akanyanyuka, akasema, "Mimi sijasema kitu, jamani, mimi sijasema kitu," akaingia jikoni. Wakamsikia anavuta friji kutoka ukutani, anaifungua nyuma. Friji ile haikuwa na ubovu wowote.

Mizani alirudi kwake akakuta viatu vya wanawe vimetupwa mlangoni, kimoja huku, kingine kule. Kila siku alikuwa anawagombeza kwa hilo. Siku hiyo alipiga magoti akavipanga kimoja kimoja, akashindwa kunyanyuka. Mumewe akamuuliza una nini, akasema kichwa. Jumapili nzima chakula kilikuwa hakipiti. Alijiona mchafu. Hakuwa na neno lingine la kujiita ila mwizi, kwa sababu mtu alikuwa ameibiwa mume mchana kweupe, na yeye ndiye aliyeshika mlango huku akimimina chai.

Jumatatu, Daktari alipofika tu, alimkuta amesimama nje ya ofisi.

"Karibu, kaa."

"Nitasema nikiwa nimesimama, Daktari, nikikaa sitasema." Akasema yote. Honi ya shemeji, tikiti maji, machozi ya kicheko, neno kwenye kioo, kidole chake. Hakujipunguzia. Sista alikuwa ameingia na sinia la vichupa, akasimama palepale mlangoni, na Mizani akamalizia akiwa anamtazama yeye. "Sista hana kosa. Alituambia tumsubiri."

"Kosa ninalo," Sista akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuamini."

Daktari alivua miwani, akaiweka mezani, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Umejua lini?"

"Jumatano."

"Na leo Jumatatu." Akahesabu siku kwa vidole. "Huyu mama hakushindwa dawa, basi. Dawa hatukumpa. Tulimpa kinyume chake, nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba mwili wake hauitikii." Akasugua macho. "Mwalimu sitamnyang'anya nafasi yake, hana hatia. Nitaiandikia kamati ya maadili niombe nafasi ya ziada kwa mdogo wako. Wewe utakaa nyumbani mpaka kamati iseme. Funguo ziache kwa Sista. Nimpigie simu mdogo wako?"

"Hapana. Ninakwenda mwenyewe."

Alimkuta Kitinda sebuleni anakunja ovaroli za mumewe, anaziweka kwenye begi. Shemeji alikuwa ameondoka jana yake, amekwenda kwa mama yake, kwa muda, alisema, mpaka akili itulie. Alikuwa amesahau nguo za kazi.

"Ziache hizo kwanza," Mizani akasema. "Kitinda, mwili wako haukukataa."

"Dada, usinifariji bwana, nimeshakubali."

"Sikufariji. Pampu niliiweka vibaya. Mimi, kwa mkono wangu. Niliiweka ya kulaza badala ya kuamsha. Wiki zote zile hukubishiwa hodi hata siku moja, mdogo wangu, ulikuwa unafungiwa mlango."

Kitinda alibaki na mkono mmoja wa ovaroli hewani. "Haukukataa?"

"Haukukataa."

"Haukukataa!" Akaitupa ovaroli, akaketi sakafuni, akacheka, akalia, akamvuta dada yake chini akamkumbatia shingo mpaka Mizani akakosa pumzi. "Nami nilivyokuwa nautukana huu mwili! Kila asubuhi nauambia, we gogo, we gogo mkavu! Kumbe masikini haujafanya kitu!" Mizani alikuwa analia pia, anaomba msamaha, maneno yakikanyagana. "Nyamaza bwana," Kitinda akamwambia, anampangusa machozi kwa kiganja. "Nani hakosei? Na siku ile nilikuchekesha mwenyewe. Umeligundua leo?"

Hapo ndipo ilipokuwa rahisi kusema ndiyo. Ni neno dogo, na hakuna ambaye angelihakiki.

"Jumatano," Mizani akasema.

Kitinda aliendelea kumpangusa machozi kidogo. Kisha kiganja kikapunguza mwendo, kikasimama.

"Kikao kilikuwa Jumamosi."

"Najua."

"Ulikuwa umesimama pale." Akanyoosha kidole mahali penyewe, kando ya kochi kubwa. "Nilikuuliza. Mbele ya watu nilikuuliza, si ndiyo, dada? Ukamwongezea mama mkwe chai."

"Niliogopa. Niliogopa kazi, niliogopa aibu, sina la kujitetea. Niliogopa, nikakuacha."

Kitinda akaondoa mikono yake yote miwili, akairudisha mapajani kwake. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Mizani. "Ile ya mashine nimekusamehe," akasema. "Wala sihitaji kuifikiria. Lakini ile chai, dada." Akatikisa kichwa. "Ile chai sijui. Nenda nyumbani."

Kamati ilichukua muda wake, nao muda huohuo ndio uliohitajika vipokezi virudi mahali pake. Mizani alikaa nyumbani, akipanga viatu. Nafasi ya ziada ikapatikana. Siku ya kufungwa pampu upya, shemeji alikuwa hajarudi. Alikuwa amepigiwa simu akaelezwa, akafurahi, akasema anakuja, halafu mama yake akasema tusubiri kwanza tuone, na shemeji ni mtu wa kusikiliza. Kitinda alikuja peke yake. Hakuwa amemwalika dada yake, na hakumfukuza alipomkuta kwenye benchi la korido, nje ya mlango ambao Mizani hakuruhusiwa tena kuuvuka. Alimsalimu, akaingia.

Mlango ulibaki wazi kidogo. Mizani akamsikia Sista akisoma.

"Vipindi."

"Vipindi, nimeona," Daktari akaitikia.

"Nami nione," ikasema sauti ya Kitinda. Sasa mgonjwa naye alikuwa na haki ya kutazama, kamati ilikuwa imeamua hivyo. "Vipindi," Kitinda akasema polepole. "Nimeona."

Sharti lingine jipya lilikuwa kwamba mtu haondoki mpaka pampu ibishe mara ya kwanza naye aisikie kwa masikio yake. Kwa hiyo Kitinda alitoka akaja kuketi kwenye benchi kusubiri, akaacha katikati nafasi ya mtu mmoja. Mizani alitaka kumuuliza kama amekula. Alitaka kumwambia kwamba kamati imempeleka kufanya kazi chumba cha kuoshea vifaa, na kwamba anastahili. Watu walipita na mafaili, mfagizi akapita na ndoo yake, wakanyanyua miguu wote wawili kwa pamoja kama walivyozoea kumnyanyulia mama yao miguu alipokuwa anadeki, na Kitinda karibu acheke.

Mara ikasikika, tik, ndogo tu, kama ukucha unagonga kikombe.

Kitinda aliweka mkono kiunoni. Akabaki hivyo, kichwa kimeinama, kama anangoja irudie. Kisha akamgeukia dada yake.

"Kumbe huwa inalia," akasema.

Mizani akafungua mdomo, na safari hii hapakuwa na chai ya kumimina.

"Inalia," akajibu. "Uliniambia hailii, nikacheka."